Marekani: Raia wanajifunza kujaza risasi za revolva nyumbani, na Congo ina funzo gani ndani yake?

Katika inchi nyingi za dunia, mtu akikutwa nyumbani kwake na kopo la baruti, pakiti ya fataki na mashini ya kujazia risasi, usiku huo atalala mikononi mwa polisi. Marekani, vitu hivyo vyote vinauzwa dukani mchana kweupe, mara nyingi karibu na ndoana za samaki na viatu vya wawindaji. Mnunuzi analipa, anapakia gari, anarudi kwake. Akifika anakaa kwenye meza ya garaji na kuanza kujitengenezea risasi za kulengea shabaha.

Mchezo huo ni wa zamani, lakini tangu mwaka wa 2020 watu wapya wengi wameingia ndani yake. Kwanza risasi zilikosekana dukani, kisha bei ikapanda, na vita vya Ukraine vikafanya baruti itafutwe kote duniani. Kwa mkaaji wa Kivu ao Ituri, anayeijua risasi kwa mlio wake, habari ya Mmarekani anayejaza risasi kwa kujifurahisha inaweza kuonekana ya mbali sana. Hata hivyo inajibu swali ambalo wabunge na mashirika ya raia wa hapa kwetu wanajiuliza kila siku: ukitaka kuzuia risasi, uizuie wapi?

Risasi ni vitu vinne

Kitu ambacho watu wengi wanakiita risasi ni vitu vinne vyenye kuunganishwa. Kuna ganda, ambalo mara nyingi ni la shaba nyeupe, yaani mchanganyiko wa shaba karibu asilimia 70 na zinki asilimia 30. Kuna fataki, kikombe kidogo kinachokaa kwenye kitako cha ganda na kulipuka kinapogongwa. Kuna baruti ndani. Na mbele kuna kichwa chenyewe, ambacho kinaruka kwenda kwenye shabaha.

Bunduki ao bastola inapolia, vitu vitatu vinapotea: fataki imelipuka, baruti imeungua, kichwa kimekwenda. Ganda linabaki zima. Tena ndilo lenye kugharimu zaidi katika risasi ya kawaida, kwa sababu ya madini na kazi ya kulitengeneza. Hapo ndipo wazo la kujaza upya linapoanzia. Mtu anaokota maganda yake, anayasafisha, anayarudisha kwenye kipimo chake, anaweka fataki mpya na baruti mpya, anakandamiza kichwa kipya juu, na risasi iko tayari.

Kwa mwenye kuanza, kifaa kikubwa ni presi ya mkono yenye kufanya kazi moja kwa wakati mmoja. Ndani ya presi hiyo anafunga kalibu za chuma, moja baada ya nyingine: ya kwanza inatoa fataki iliyokufa na kubana ganda lililopanuka, ya pili inafungua mdomo wa ganda kidogo ili kichwa kiingie, ya tatu inakandamiza kichwa na kufunga mdomo. Pembeni kuna mizani ya kupimia baruti, kifaa cha kupimia urefu, na kitabu cha vipimo ambacho watengenezaji wa baruti na wa vichwa wanakitoa baada ya majaribio katika maabara yao. Wazoefu wanawaambia wanafunzi wao kwamba bila kitabu hicho, vingine vyote ni vyuma tu.

Kwa nini wanaanza na revolva

Wanaofundisha kazi hii wanapenda kuanza na risasi za revolva, hasa aina yenye kuitwa .38 Special, na sababu zao zinaeleweka.

Bastola ya kisasa inatupa maganda pembeni kila inapolia, na mwenyewe anabaki kuyatafuta katika majani. Revolva inayabakiza ndani ya silinda yake. Mpigaji anafungua, anayatoa yote katika kiganja, anayarudisha ndani ya boksi. Tena bastola inahitaji risasi yenye nguvu ya kutosha kusukuma mashini yake, la sivyo inakwama. Revolva inazungushwa na kidole cha mpigaji mwenyewe, kwa hiyo inakubali risasi nyepesi sana.

Na katika kulenga shabaha, wepesi ndio unaotakiwa. Mchezaji anasimama metre 25 mbele ya karatasi na kupiga risasi kumi, ishirini, hamsini. Hahitaji nguvu ya kumwangusha mnyama. Anahitaji bastola isimruke mkononi, na kila risasi iende kama ile iliyotangulia. Ndiyo sababu wachezaji wengi wanatumia kichwa cha risasi chenye uso wa bapa, kama kizibo. Hicho kinakata karatasi kitobo cha mviringo, safi, na mwamuzi anahesabu alama bila mabishano.

Risasi ya .38 Special inajulikana tangu mwisho wa karne ya 19, na kiwango cha juu cha presha yake kilichokubaliwa na chama cha watengenezaji wa Marekani, SAAMI, ni psi 17,000. Ndugu yake .357 Magnum, ya mwaka wa 1935, inafika psi 35,000, zaidi ya mara mbili. Kwa presha ndogo hivyo, ganda la .38 linachakaa polepole na kujazwa mara nyingi kabla ya mdomo wake kupasuka. Faida ya mjazaji inatoka hapo.

Hatari iko ndani ya nafasi tupu

Lakini sifa hiyohiyo ya upole ndiyo yenye kuficha mtego kwa anayeanza.

Ganda la .38 Special lilichongwa wakati ambapo baruti nyeusi ilikuwa ingali inatumiwa. Baruti hiyo ilijaza nafasi yote. Baruti ya leo isiyo na moshi ina nguvu zaidi, na kipimo cha risasi nyepesi ya shabaha hakifiki hata nusu ya ganda. Nafasi kubwa inabaki tupu. Maana yake mtu akisahau na kuweka kipimo mara mbili katika ganda moja, baruti haitamwagika kumjulisha. Itakaa humo, kichwa kitawekwa juu, na risasi itafanana kabisa na nyingine zote ndani ya boksi. Siku itakapopigwa, silinda ya revolva inaweza kupasuka, na vipande vinaruka karibu na uso wa mpigaji na wa aliyesimama pembeni yake.

Kosa la pili ni kinyume chake: ganda kusahauliwa bila baruti. Fataki peke yake ina nguvu ya kusukuma kichwa hadi ndani ya mtutu na kukiacha hapo. Mlio unakuwa mdogo, kama kofi. Mpigaji mwenye haraka anavuta tena, risasi ya pili inagonga ile iliyokwama, na mtutu unavimba ao kupasuka. Katika viwanja vya kulengea kuna sheria: mlio ukiwa wa ajabu, simama, fungua silaha, angalia mtutu.

Kwa sababu hizo, taratibu za wazoefu zinafanana. Kopo moja tu la baruti juu ya meza. Maganda yote yanasimama kwenye ubao wenye matundu, na kabla ya kuweka kichwa hata kimoja, mjazaji anachukua taa na kutazama ndani ya kila ganda, usawa wa baruti mmoja baada ya mwingine. Simu inazimwa, televisheni pia. Wanaanza na kipimo cha chini cha kitabu, si cha juu. Hawachukui kipimo kwa mdomo wa rafiki. Na wakimaliza wananawa mikono, kwa kuwa vichwa vingi vya shabaha ni vya risasi tupu, yaani madini ya plomo, ambayo vumbi lake ni sumu, na watoto ndio wanaoumia nayo zaidi.

Yote haya hakuna askari anayeyasimamia. Hakuna mtihani, hakuna kibali, hakuna mkaguzi anayepita kwenye garaji. Usalama wa jirani unategemea kitabu, taa, na utulivu wa mtu mmoja.

Bei ndiyo inayowasukuma

Mwaka wa 2020 ulikuwa wa ajabu katika biashara ya silaha ya Marekani. Ugonjwa wa Covid-19, maandamano baada ya kifo cha George Floyd, na uchaguzi wa raisi vilikutana. FBI ilipokea karibu maombi milioni 40 ya kuchunguza watu wenye kutaka silaha, hesabu ambayo haikuwa imeonekana mbele ya hapo. Kila silaha mpya inahitaji risasi. Mwezi wa saba wa mwaka huo, Remington, moja ya majina ya zamani zaidi katika kazi hiyo, iliomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya kufilisika, na kiwanda chake cha risasi cha Arkansas kikauzwa. Mwaka uliofuata, serkali ya Marekani ilifunga mlango kwa vibali vipya vya kuingiza risasi kutoka Urusi, ambazo zilikuwa za bei rahisi.

Kisha vita vya Ukraine vikaanza mwezi wa pili wa 2022. Baruti ya risasi ndogo na ile inayosukuma makombora ya mizinga zinatokana na kitu kilekile, nitroselulozi, ambayo inatengenezwa kwa nyuzi fupi za pamba. Viwanda vyenye kuitengeneza ni vichache. Jeshi likiagiza, raia anangoja. Katika mwaka wa 2024 kampuni kubwa ziliwatangazia wauzaji kwamba bei ya baruti na risasi inapanda kwa sababu ya upungufu huo.

Wengi walidhani kwamba kujaza nyumbani kungewatoa katika foleni. Haikuwa hivyo. Fataki elfu moja, ambazo mbele ya Covid zilipatikana kwa karibu dola 30, zilivuka dola 100 kwa wale waliokuwa wakiuziana wao kwa wao. Baadhi ya watu walikuwa na presi mpya, maganda yaliyosafishwa, vichwa ndani ya ndoo, na walikaa miezi mingi bila kutengeneza hata risasi moja, kwa kukosa kile kikombe kidogo cha fataki.

Hapo siri ya kazi yote inaonekana. Ganda mtu analiokota. Kichwa anaweza kukimimina mwenyewe kwa plomo na kalibu. Lakini fataki na baruti vinatoka kiwandani, kwa kampuni zenye kuhesabika kwa vidole. Mjazaji wa nyumbani hajajitenga na kiwanda. Amehama tu kutoka mlango mmoja wa kiwanda hadi mwingine.

Sheria inalinda mlango gani?

Sheria ya Marekani ya mwaka wa 1968 inamtaka mtu mwenye kutengeneza risasi kwa ajili ya biashara awe na leseni ya serkali kuu. Mwenye kujijazia kwa matumizi yake hahitaji leseni hiyo. Mwaka wa 1986 bunge lililegeza zaidi: wauzaji waliondolewa wajibu wa kuandika katika daftari kila mauzo ya risasi za kawaida, na kutuma risasi kwa posta za kampuni binafsi kukawa rahisi. Baruti isiyo na moshi ya risasi ndogo nayo haihesabiwi pamoja na milipuko ambayo sheria ya serkali kuu inaibana.

Majimbo kadhaa yamejaribu njia nyingine. California, baada ya kura ya raia ya 2016, ilianza mwezi wa saba wa 2019 kuchunguza kila mnunuzi wa risasi. New York ilianza mwezi wa tisa wa 2023. Upinzani haukukawia. Mwezi wa saba wa 2025, majaji watatu wa mahakama ya rufaa, wawili kwa mmoja, waliamua kwamba sheria ya California inapingana na katiba, na jimbo likaomba kesi isikilizwe upya.

Wanaotetea kujaza nyumbani wanasema kwamba mhalifu hana uvumilivu wa kukaa saa tatu kwenye presi ili apate risasi mia moja za kutobolea karatasi. Kuna ukweli ndani ya maneno hayo: kazi ni ya polepole, na .38 nyepesi ya shabaha si silaha ya magenge. Wanaopinga wanajibu kwamba sheria inayochunguza risasi iliyokamilika na kuacha vipande vyake huru ni sawa na nyumba yenye kufuli mbele na dirisha wazi nyuma. Hilo pia lina ukweli.

Kwa nini hali hiyo haiko Kivu

Afrika ya Kati ilichagua njia tofauti, angalau kwenye karatasi. Tarehe 30 mwezi wa nne 2010, inchi za eneo hili zilikubaliana mjini Kinshasa juu ya mkataba wa kudhibiti silaha ndogo na nyepesi. Jina kamili la mkataba huo linataja pia risasi zake, na sehemu zote zinazoweza kutumiwa kuzitengeneza, kuzirekebisha na kuziunganisha. Ulianza kufanya kazi tarehe 8 mwezi wa tatu 2017. Yaani kitu ambacho Mmarekani anakinunua bila kuulizwa jina, mkataba wa Kinshasa unakiweka kwenye mstari mmoja na silaha yenyewe. Na Congo yenyewe ina amri-sheria ya tarehe 3 mwezi wa tisa 1985 juu ya silaha na risasi, ambayo inaweka mambo hayo chini ya ruhusa ya serkali.

Hata hivyo, hatari ya Kivu haiko kwenye meza ya garaji. Iko mahali pengine, na ganda lenyewe linaeleza.

Kuna aina mbili za fataki, zote za miaka ya 1860. Moja ilibuniwa na Mwingereza Edward Boxer, nyingine na Mmarekani Hiram Berdan. Ganda la Boxer lina tundu moja katikati, kwa hiyo sindano inapita na kusukuma fataki nje. Ganda la Berdan lina matundu mawili madogo pembeni, na sindano haina pa kupita. Kwa kichekesho cha historia, Wamarekani ndio waliobaki na fataki ya Mwingereza, na hiyo ndiyo iliyofanya mchezo wao uwezekane. Risasi nyingi za Kalashnikov zilizotengenezwa katika inchi za Mashariki zina ganda la chuma na mfumo wa Berdan. Ni za kutumiwa mara moja na kutupwa.

Ndiyo sababu maganda yaliyotapakaa kwenye vilima vya Masisi, Rutshuru ao Djugu hayarudi vitani. Risasi itakayolia kesho haikujazwa nyumbani kwa mtu. Ilitoka mpya kiwandani, ikauzwa na serkali fulani ao kwa serkali fulani, ikawekwa ghalani, kisha ikapotea njiani: kwa kuuzwa na askari mwenye njaa, kwa kunyang'anywa vitani, ao kwa kuvushwa mpaka usiku.

Na ganda hilo lina anwani. Kwenye kitako chake mara nyingi kuna alama za kiwanda na za mwaka. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa juu ya Congo, ambao kundi lao liliundwa kwa azimio nambari 1533 la mwezi wa tatu 2004, wametumia alama za namna hiyo katika ripoti zao kutafuta risasi za makundi ya silaha zilitoka wapi. Kipande ambacho Mmarekani anakiona kama akiba ya pesa, katika Kivu ni ushahidi.

Kitu cha kufuata

Kwa Congo, swali hili lina upande mwingine unaohusu madini. Inchi ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba mwaka wa 2024, na mwaka huohuo mgodi wa Kipushi, karibu na Lubumbashi, ulianza tena kutoa zinki. Shaba na zinki ndizo zinazofanya ganda. Madini hayo yanakwenda katika waya, mabomba na vitu elfu vingine, na risasi ni sehemu ndogo tu. Lakini anayeuza malighafi na kupokea risasi zilizokamilika kwa bei ya damu ana haki ya kukaa kwenye meza inapozungumzwa njia ya risasi duniani.

Meza hiyo ipo. Mwezi wa 12 wa 2023, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikubali mpango wa dunia wa kusimamia risasi katika maisha yake yote, kutoka kiwandani hadi kuharibiwa. Kwa ukanda huu, neno ghala ndilo lenye uzito. Tarehe 4 mwezi wa tatu 2012, ghala la silaha la Mpila, mjini Brazzaville, lililipuka na kuua mamia ya watu. Mshindo ulisikika hadi ng'ambo ya mto, Kinshasa. Risasi hizo hazikuwa zimeibiwa na mtu. Zilikuwa tu zimewekwa vibaya katikati ya nyumba za watu.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Marekani kwenye presi yake anafundisha mambo mawili ambayo wabunge wa Kinshasa wanaweza kuyatumia. La kwanza: ukitaka kushika njia ya risasi, shika fataki na baruti, kwa maana viwanda vyake ni vichache na hakuna njia ya kuzunguka. La pili: yeye anajua hesabu ya kila risasi aliyojaza, tarehe yake, na boksi ilimolala, kwa kuwa kosa moja litampasukia mkononi mwake mwenyewe. Katika maghala ya jeshi na polisi ya mashariki ya Congo, kosa linampasukia mtu mwingine, kijijini, kilometa nyingi kutoka hapo. Kuandika alama za kila boksi inayotolewa, na jina la aliyeipokea, ni kazi ya daftari na kalamu. Inaweza kuanza bila kungoja mkataba mwingine.